Seri «Chernobyl»: jina la kweli mu mdomo wa muongo

Wengi wetu tumeangalia hii seri ya 2019, vipindi 5, iliyoandikwa na Craig Mazin. Watu wanaisifu juu ya moto, sauti ya mashine ya kupima mionzi, sura za wazimamoto. Nakubali. Lakini nataka tusimame kwenye jibu moja tu la kipindi cha kwanza, juu njo pale seri ina nguvu, na njo pale pia inateleza.

Usiku ule, juu ya reakteri iliyopasuka, hewa inawaka bluu. Chini, mu andaki ambamo wakubwa wamekutana, mmoja anauliza kuhusu ule mwanga. Ingenieri Dyatlov anajibu bila wasiwasi: ni efe Cherenkov, jambo la kawaida, hata mionzi kidogo inaweza kuileta. Basi, mambo yameisha.

Efe Cherenkov iko kweli. Pavel Cherenkov aliichunguza mwaka 1934, Frank na Tamm wakaieleza 1937, na wote watatu wakapata Nobel 1958. Ndani ya maji, mwanga unatembea kilometa 225 000 hivi kwa sekunde. Elektroni ikipita mule na mbio kushinda hiyo, inaacha mwanga wa bluu nyuma yake, kama vile boti ya Ziwa Kivu inayokimbia kushinda mawimbi yake inaacha mkia wa maji. Mu reakteri inayokaa ndani ya maji, kama ile ya kwanza ya Afrika iliyowashwa Kinshasa mwaka 1959, hiyo bluu ni kawaida kabisa.

Lakini hewa si maji. Mu hewa mwanga haupunguzi mwendo, ni kidogo sana. Elektroni ingehitaji nguvu ya elektronivolti milioni 21 hivi, na zile zinazotoka mu mabaki ya uraniamu hazifiki pale. Bluu ya Chernobyl ilitoka kwa hewa yenyewe, iliyopigwa na mionzi mingi kupita kiasi. Kwa hiyo, kile walichoambiwa ni «kawaida» kilikuwa alama ya kifo.

Mazin anajua hilo. Kipindi cha pili, Legasov akiwa mu helikopta anasema ukweli. Lawama yangu ni hii: anausema kwa sentensi moja, mbio mbio, na jibu la Dyatlov halifunguliwi. Mtu asiyesoma fizika hatajua kama alidanganywa. Seri nzima inazungumzia bei ya uongo, kumbe imepita haraka juu ya uongo mgumu kuliko yote: ule unaotumia neno la kweli.

Sisi ba-agronome tunaujua. Nimesikia mwenye diploma akimwambia mama mmoja, mahindi yake yamegeuka manjano karibu na machimbo: «Mama, ni kloroze tu, ni kawaida.» Sasa kloroze maana yake ni nini? Majani kugeuka manjano! Alimrudishia yale aliyoyaona kwa macho yake, ila kwa Kifaransa. Mama akanyamaza. Udongo, hakuna aliyeupima.

Muangalie tena kile kipindi cha kwanza, halafu muniambie: mu kazi yenu, ni neno gani la shule munalotumia kwa kunyamazisha watu?