Kabla Kaiti Haijapaa

Mwalimu wa kaiti hakuuliza kwanza bei ya tiketi wala jina la hoteli. Alifungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, akaweka rula chini ya mstari mmoja, akauliza mwezi utaandama lini. Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Mushaki, Kongo, alitaka likizo yake ya Julai aimalizie Paje, ajifunze kaiti. Mimi nilikuwa nimemtangulia Unguja, nikapewa kazi ya kuulizia. Nikajikuta naangalia mtu akipanga wiki moja kwa umakini ambao wengine hawautumii hata wanapojenga nyumba.

Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja, kusini kidogo. Mbele ya kijiji, mbali na ufuo, mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi ya Bahari ya Hindi, na ndani ya mwamba huo maji ni mafupi, chini ni mchanga. Ndipo kaiti zinapochezwa: tiara kubwa la kitambaa lenye ukingo uliojazwa hewa, kamba nne, usukani mkononi, mkanda kiunoni, ubao miguuni. Ndugu wawili kutoka Bretagne, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa moja: kaiti ikianguka majini iweze kupaa tena. Mwaka 2024 mchezo huu uliingia Olimpiki ya Paris, na mashindano yake yakafanyika Marseille.

Kwanza upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na ukiikabili bahari pale Paje unakujia kwa mkono wa kushoto. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, kwa mkono wa kulia. Pepo zote mbili zinapita kandokando ya ufuo na kuelemea nchi kavu kidogo, kwa hiyo mtu akishindwa hurudishwa mchangani. Aprili na Mei ni masika. Upepo hauna msimamo, na mgeni anaweza kukaa siku nyingi akiitazama kaiti ndani ya mkoba. Wapo wanaokuja miezi hiyo kwa sababu nauli ni nafuu. Mwalimu huwaambia ukweli hata kama atakosa wateja, na kwa hilo peke yake ningemwamini.

Likizo kubwa ya shule za Kongo ni Julai na Agosti, na kusi ndiyo hiyo. Mwezi ukawa umepatikana bila kutafutwa sana. Kazi ilikuwa kuipata wiki yenyewe.

Hapo ndipo rula ilipohitajika. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, na katika bamvua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa Zanzibar inafikia takriban mita 4. Bamvua inapokuja, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Yakijaa kabisa, ufuo unabaki mwembamba na hakuna mahali salama pa kutandaza kamba. Yakipwa kabisa, mtu hutembea mbali kuyafuata, na pale kuna wenyewe: wanawake wa mwani, wenye vigingi na kamba zao zilizofungwa miche. Kilimo hicho cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, miaka mingi kabla ya kaiti, na maji ya bamvua yakitoka ndiyo saa yao ya kuvuna. Mwalimu alichora duara kwenye saa za katikati, maji yanapopanda na kumfika mtu kiunoni. Mwanafunzi anasimama, vigingi havimkwazi, na mkondo unamsukuma nyumbani. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo aliandika ratiba ya siku sita yenye saa sita tofauti.

Kisha akauliza njia. Nikamtajia: Mushaki, Sake, Goma, kuvuka hadi Gisenyi, Kigali, Rusumo, Dar es Salaam, boti ya Unguja, daladala ya Paje. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba barabara ya kwetu haimwahidi mtu siku ya kufika. Mwaka 2023 vita vilifika Mushaki penyewe. Hakusema pole za haraka haraka. Alichukua kalamu, akarudisha tarehe ya kuondoka nyuma kwa siku mbili, akaandika pembeni: akiba. Chini yake akaongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano na kwamba saa ya Goma iko nyuma ya saa ya Zanzibar kwa saa moja.

Mdogo wangu alifika akiwa ametumia siku moja ya akiba.

Asubuhi ya kwanza, kusi bado ikiwa changa, mwalimu alikuwa kibandani na kaiti ya mita za mraba 9 iliyokuwa ikipoteza hewa. Nadhani kazi ya kuiziba ndiyo iliyonifanya niandike. Ukingo wa mbele wa kaiti una ganda la kitambaa kizito, na ndani yake mpira mrefu mwembamba unaoshika hewa. Alifungua zipu pembeni, akalegeza valvu na kuzisukumia ndani, kisha akafunga uzi mrefu kwenye kila ncha ya mpira kabla ya kuuvuta nje. Mpira ulitoka, uzi ukabaki ndani ya ganda kuonyesha njia ya kurudi. Asiyefunga uzi huo atahangaika nusu siku.

Akaujaza hewa kidogo tu, akaupitisha kwenye beseni la maji ya sabuni, kipande kwa kipande, bila kuruka. Vipovu vilitoka mahali padogo kuliko kichwa cha pini. Akapazungushia kalamu, akapafuta, akapaacha pakauke kivulini. Hakupuliza wala hakupeperusha kitambaa. Palipokwisha kukauka alipasafisha kwa spiriti, akabandika kiraka, akakisugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni. Akaupaka mpira wote poda usije ukanata, akaukunja bapa kwa urefu, akauvuta ndani kwa ule uzi. Alipofika kwenye valvu aliingiza vidole na kupapasa mpaka kila mdomo ukakaa kwenye tundu lake bila kupindika. Ndipo akajaza hewa kamili na kuiacha kaiti juani saa nzima, akiipiga kwa kucha kila alipopita, akisikiliza kama mlio umeshuka. Kwetu nimeona mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakilipima gurudumu la mbao namna hiyo, kwa jicho na kwa sikio, kabla ya kulituma mteremko wa Sake na magunia ya viazi.

Saa sita kipimo cha upepo kilionyesha noti 16, karibu kilomita 30 kwa saa. Mtu wa kilo 75 aliyezoea angechukua mita 12. Mwalimu alitoa ile ya 9.

"Mwalimu, si ni ndogo?" mdogo wangu aliuliza.

"Ndogo itakufundisha, kaka. Kubwa itakuburuta."

Akaigeuza kaiti kifudifudi, ukingo wa mbele ukielekea upepo, akaikalisha kwa mchanga. Usukani akauweka mbali, akazitandaza kamba nne akitembea polepole, kila kamba ikipita katikati ya vidole vyake. Vidole vilisimama mara mbili: penye fundo dogo alilolifungua kwa meno, na mahali uzi ulipoanza kuchanika. Kamba hiyo aliibadilisha. Wala hakuishia hapo. Alizitia zote nne kwenye msumari wa shina la mnazi, akauvuta usukani kwake na kutazama kama umekaa sawa, maana kamba moja ikizidi, kaiti hugeuka yenyewe. Kisha akaziunga na kaiti: kitanzi juu ya fundo, kukaza, kuvuta. Upande mwekundu mkono wa kushoto.

Mwisho akamfunga mdogo wangu mkanda na kumwambia afyatue kifungo cha dharura. Akakifyatua. Akakiunga tena, akamwambia afyatue macho yakiwa yamefumbwa. Kisha kwa mkono wa kushoto. Kisha huku akimsukuma bega. Wageni wengine walikuwa wameshaingia majini, kaiti zao zikipita juu yetu, na mdogo wangu alianza kuona haya. Mwalimu hakuwatazama. Alipotosheka alimpa ishara mbili tu: dole gumba juu, achia; mkono ukipiga kichwa, nataka kushuka.

Akaishika kaiti ukingoni, akarudi hatua moja, akasubiri. Dole gumba la mdogo wangu lilikuwa juu tayari. Mwalimu alikuwa akitazama maji upande wa Jambiani, ambako upepo mkali ulikuwa ukija na kuyatia weusi. Akauacha ufike, ukapita, maji yakarudi rangi yake. Ndipo akafungua mikono.