Ndimu, Makaa na Barafu

Wenyeji wa Dar es Salaam tuna tabia ya kula huku tunahama. Mishkaki tunaila mtaa huu, juisi tunainywa mtaa wa pili, na kama usiku bado mbichi tunamalizia kwenye kaunta ya Sinza au Masaki, kila mtu na uwezo wa mfuko wake. Ukimwona mtu amekaa meza moja toka saa kumi na mbili hadi saa nne, anakula kwa mpangilio toka supu hadi kitindamlo, huyo ama ni mgeni ama ana kikao cha kazi. Sioni ubaya wa tabia hii. Mtu akikaa mahali pamoja anamzoea mpishi, lakini akizunguka anaanza kulinganisha, na mimi katika kulinganisha huko nimejikuta naitazama zaidi mikono ya wanaonilisha kuliko sahani zenyewe.

Nimefika pia kwenye msimamo ambao rafiki zangu wengi wanaupinga: mchanganyaji bora wa vinywaji katika jiji hili hafanyi kazi baa. Anasimama barabarani, nyuma ya mashine ya miwa.

Mtazame siku moja bila haraka. Muwa umekwisha kumenywa. Anaupitisha mara ya kwanza kati ya magurudumu ya chuma, unatoka upande wa pili umebapa. Anaukunja. Ndani ya mkunjo anapachika kipande cha tangawizi na ndimu iliyokatwa, ganda na vyote, kisha anaurudisha mashineni. Wateja hudhani ndimu ile imewekwa kwa ajili ya uchachu. Kazi kubwa iko kwenye ganda. Humo ndimo yalimo mafuta yanayobeba harufu ya ndimu, na chuma kikilibana mafuta hayo yanatoka na kuingia kwenye juisi, ambayo pasipo hayo ingebaki maji ya sukari tu. Anakunja tena, anapitisha tena, mpaka makapi yatoke makavu. Hutamwona na kipimo mkononi, lakini amepima: muwa ukiwa mtamu sana anaongeza tangawizi, na ndimu ikiwa na ganda nene anaitoa mapema, kwa sababu ganda likibanwa kupita kiasi linaleta uchungu. Hilo la kuitoa mapema ndilo linalomtofautisha na jirani yake mwenye mashine ileile, miwa ileile na foleni fupi.

Utamu, uchachu, ukali, ubaridi. Mtu wa kaunta katika hoteli ya nyota tano naye anahangaika na hivyohivyo usiku kucha, ila yeye anaongeza toti ya pombe na kulitundika tunda kwenye ukingo wa glasi. Nasema haya bila kumdharau. Kaunta nzuri ina elimu yake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni barafu.

Mnywaji wa kawaida huiona barafu kuwa wizi. Glasi ikija imejaa barafu analalamika kwamba kinywaji ni kidogo. Lakini barafu haipo pale kupoza tu. Inapoyeyuka inatoa maji, na maji hayo ni sehemu ya kinywaji. Kokteili iliyotikiswa sawasawa inaweza kuwa na karibu robo yake maji yaliyotokana na barafu. Yakipungua, pombe inachoma koo; yakizidi, unakunywa maji ya kuoshea glasi. Sasa fikiria Februari ya Dar, joto la mchana limepita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu hata saa tatu usiku. Vipande vitatu vya barafu vinavyoelea kwenye glasi vitakwisha kabla hujamaliza hadithi yako. Glasi iliyojazwa hadi juu inabaki baridi, na barafu yake inachelewa kuyeyuka. Kwa hiyo yule unayemlaumu kwa ubahili amekuhurumia.

Kinywaji kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vingine tumekichukua kwa majirani. Dawa, ile ya vodka, ndimu, asali na barafu, ilipata jina Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa 1980 kandokando ya Barabara ya Lang'ata, na ina undugu wa wazi na caipirinha ya Brazili. Leo utaikuta Mombasa, Zanzibar na huku kwetu. Siri yake iko kwenye kijiti. Asali ikikutana na barafu inaganda, haichanganyiki hata uitikise vipi, ndiyo maana inapakwa kwenye kijiti ambacho mnywaji mwenyewe anakitumia kukorogea na kupondea ndimu. Funda la kwanza ni kali na chachu. Kadiri unavyokoroga asali inalegea, na funda la mwisho linakuwa tamu. Mtengenezaji amekuachia wewe nusu ya kazi, na kumwamini mteja kiasi hicho si jambo dogo. Kuna hoteli moja, jina nalihifadhi, inayotengeneza dawa kwa ndimu ya chupa na asali iliyokorogwa na maji ya moto jikoni. Inaletwa na kijiti kitupu, kwa ajili ya picha.

Konyagi nayo inahitaji mtu anayeijua. Ina kilevi asilimia 35, wakati vodka na jini nyingi zinafika 40. Kijana aliyekariri vipimo vya kitabu cha ng'ambo akiiweka toti kwa toti, kinywaji kinatoka kimepwaya, na mteja anasema pombe ya nyumbani haina ladha. Anayeijua anapunguza maji ya ndimu na sukari, haongezi kitu kingine. Na wengine, sisi wa viti vyekundu vya plastiki na meza yenye matangazo ya bia, tunaimwagia soda ya tangawizi na kuishia hapo. Hakuna kitabu kilichotufundisha, na sijaona kitabu kitakachoturekebisha.

Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, na leo ghorofa yake ya nane ina baa ambako ukiinama kidogo unaiona bandari, paa jekundu la Kanisa la Azania na pantoni zinazokwenda Kigamboni. Mandhari ile inalipiwa, na sikatai kuilipia mara mojamoja. Ila upande wa kushoto, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna soko la samaki la Feri, ambako tangu alfajiri watu wanakaanga samaki kwenye makarai makubwa, na hakuna mkaangaji pale anayetazama saa. Wanasikiliza. Samaki mbichi akiingia mafutani kelele ni kubwa, maana maji yanamtoka. Kelele ikipungua, maji yamekwisha na ngozi imekauka. Anayeopoa kelele zingali juu anatoa samaki laini, na anayesubiri ukimya kamili anatoa kuni.

Kwenye mishkaki mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kosa linafanyika saa nyingi kabla ya moto. Nyama ya ng'ombe wetu ni ngumu, ng'ombe wenyewe wametembea. Mchomaji anaisaidia kwa papai bichi lililosagwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Papai lina kimeng'enya kinachovunjavunja nyama, nacho hakijui kusimama. Saa chache zinatosha. Nyama ikilala humo usiku kucha inakuwa uji ulioshikwa na kijiti. Kisha makaa: mishkaki haiwekwi mpaka yavae majivu meupe, na mafuta yakidondoka na kuwasha mwali, kipande cha boksi kinachopepea kinahamia upande mwingine mara moja, maana mwali unaacha masizi na masizi ni machungu. Wazee wa kazi hii walitumia spoku za baiskeli badala ya vijiti. Chuma kile kilipeleka joto katikati ya nyama, ikaiva nje na ndani kwa wakati mmoja. Vijiti vya mti ni safi na vinapendeza, ila kwa ladha nawapa wazee ushindi.

Jioni za Kisutu hazina pombe kabisa, na ndizo ninazozipenda. Kona ya Morogoro na Libya, pale Mamboz, moshi unaanza jua likishuka, familia zinajipanga kwa kuku wa sekela, na mezani kuna glasi za juisi. Nikiletewa ukwaju uliotengenezwa na mtu makini sioni kilichopungua. Umelowekwa, umekamuliwa kwa mkono, umechujwa, umetiwa sukari na chembe za chumvi. Chembe hizo ni za maana: chumvi kidogo inauzima uchungu na kuuamsha utamu, na wachanganyaji wa London na New York siku hizi wana vichupa vya maji ya chumvi kaunta kwa sababu hiyohiyo. Mama zetu walikuwa wanafanya hivyo kila Ramadhani bila vichupa.

Nikiwaweka wote hawa pamoja, wa miwa, wa kaunta, wa karai na wa makaa, naona ufundi wao ni mmoja: wanajua wakati wa kuacha. Ndimu itolewe sasa, barafu itoshe hapa, nyama itoke kwenye papai jioni hii. Vitu vya kutia ndani ya chungu vinauzwa sokoni na kila mtu anavipata. Jiji lililojaa watu wa kuongeza, mwimbaji anaongeza sauti, mjenzi anaongeza ghorofa, linalishwa na watu wanaojua kupunguza.

Lakini sifa hizi hazijazi tumbo la mchomaji. Wengi wa wasomaji wangu mnajua utaratibu wa baa zetu: kaunta ina mwenyewe, jiko limekodishwa kwa mtu mwingine, na ndiyo maana unaletewa hesabu mbili. Mhudumu anayekufungulia bia mbele yako na kukirudisha kizibo juu ya chupa, inzi wasiingie, anastahili kila shilingi unayomwachia. Aliye jikoni humwoni, na yeye hakuoni. Basi leo ukimaliza kula, kabla ya kuita bajaji, zunguka hadi kwenye makaa, mwambie nyama ilikuwa nzuri kama kweli ilikuwa nzuri, na umpe chake mkononi. Bakshishi ya mezani haifiki jikoni.