Gharama Iliyojificha Katika Kiwango: Wageni na Peso ya Argentina

Fedha taslimu zinazotolewa ugenini hukatwa katika ngazi kadhaa, na nyingi ya ngazi hizo huonekana wazi: benki yenye mashine hutoza ada yake, benki iliyotoa kadi hutoza ya kwake, kisha huongeza asilimia fulani kwa sababu muamala umefanyika kwa fedha za kigeni. Ngazi ambayo wateja wengi hawaikagui ni kiwango cha kubadilishia fedha, yaani idadi ya fedha za wenyeji anayohesabiwa mteja kwa kila dola moja. Ni nchi chache zilizolidhihirisha jambo hilo kama Argentina ya kati ya 2019 na 2025, ambako mgeni aliyehangaika na ada peke yake aliokoa dola tatu huku akipoteza mia moja.

Chanzo chake kilikuwa udhibiti wa fedha za kigeni uliorejeshwa na serikali ya Mauricio Macri mnamo Septemba 2019, ambao wenyeji huuita *cepo*, yaani mkatale. Kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo, raia hakuruhusiwa kununua zaidi ya dola 200 kwa mwezi kwa bei rasmi, na kwa kuwa watu waliokwisha kuumizwa na mfumuko wa bei hawakuwa tayari kuweka akiba yao katika peso, dola zilitafutwa kwingineko kwa bei ya juu zaidi. Mtanzania aliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1980, kabla ya sheria ya 1992 kufungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha, hahitaji maelezo marefu hapa, kwani aliishi na bei ya serikali upande mmoja na bei ya mlanguzi upande wa pili.

Nchini Argentina, ukubwa wa pengo kati ya bei hizo mbili unaonekana vizuri zaidi katika Julai 2022, mwezi ambao Waziri wa Uchumi Martín Guzmán alijiuzulu. Kiwango rasmi kilikuwa takriban peso 130 kwa dola, ilhali dola ya mtaani, iliyopewa jina la dola ya buluu, ilifika karibu peso 338. Mgeni aliyetoa kwenye mashine kiasi cha dola 300 kwa kiwango rasmi alipata peso 39,000, wakati mwenzake aliyepata peso 300 tu kwa kila dola, kiwango kilicho chini ya kilele hicho, aliondoka na peso 90,000. Tofauti ya peso 51,000, sawa na dola 170 kwa hesabu ya huyo wa pili, haikuandikwa popote kama ada, na kadi isiyo na makato yoyote isingeizuia hata kidogo.

Njia ya kwanza ya kuikwepa hasara hiyo ilikuwa kubeba dola mkononi na kuziuza kwa wabadilishaji wasio na leseni, ambao ofisi zao huitwa mapango na wapiga debe wao, wanaosimama katika Mtaa wa Florida jijini Buenos Aires wakiita wateja, huitwa miti midogo. Biashara hiyo haikuwa halali ingawa ilivumiliwa, na ilimweka mgeni katika hatari ya kupewa noti bandia. Aidha, noti ya dola 100 yenye picha kubwa ilipata bei nzuri kuliko ile ya zamani yenye picha ndogo, na noti ndogondogo zilipunguziwa zaidi, desturi ambayo msafiri wa Afrika Mashariki anaifahamu kutoka maduka ya kubadilishia fedha ya kwao.

Njia ya pili ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa kina, kwa kuwa ilikuwa halali na haikumlazimu mgeni kusafiri na burungutu la dola. Mgeni alijitumia fedha mwenyewe: alifungua programu ya Western Union kwenye simu, akajiandika kuwa mtumaji na mpokeaji kwa jina lile lile lililo katika pasipoti, akalipa kwa kadi au akaunti ya nchini kwake, kisha akaenda kwenye kituo cha malipo na pasipoti pamoja na namba ya muamala. Kiwango alichopewa kilikaribia kile cha mtaani.

Kiwango hicho kilikuwa na msingi wake katika soko la hati fungani. Hati fungani ya serikali ya Argentina huuzwa Buenos Aires kwa peso na New York kwa dola. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba inauzwa kwa dola 20 kule na peso 6,400 huku. Anayeinunua kwa dola na kuiuza kwa peso amebadilisha fedha kwa kiwango cha peso 320 bila kupitia dirisha rasmi la benki kuu. Kiwango hiki kinachozaliwa na bei mbili za karatasi moja ndicho kilichofuatwa kwa karibu na malipo yaliyotoka nje, na ndiyo sababu mgeni aliyepanga foleni na pasipoti yake alifaidi bei ambayo mashine ya benki iliyo hatua kumi kutoka hapo haikuweza kumpa.

Kikwazo kilikuwa noti zenyewe. Hadi Mei 2023, noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya peso 1,000, hivyo peso 90,000 zilikuwa noti tisini zikiwa zote za thamani hiyo, na aghalabu hazikuwa, na kituo kidogo kiliweza kuishiwa kabla ya mchana. Mgeni mwangalifu alituma kiasi cha wastani zaidi ya mara moja badala ya kikubwa kwa mkupuo, akafika mapema siku ya kazi, na akahesabu noti kabla ya kuondoka dirishani.

Kuanzia Novemba 2022 manunuzi ya wageni kwa kadi yalianza kukokotolewa kwa kiwango kinachotokana na hati fungani, hatua iliyoshusha haja ya fedha taslimu bila kuimaliza, kwa kuwa maduka mengi yaliendelea kumpunguzia bei anayelipa taslimu. Mnamo Desemba 2023, serikali mpya ya Javier Milei ilishusha thamani rasmi ya peso kutoka takriban 366 hadi 800 kwa dola, na Aprili 2025 udhibiti uliondolewa kwa watu binafsi, pengo likasinyaa hadi asilimia chache. Tangu hapo hesabu imegeuka: ada ya mashine, iliyokuwa jambo dogo mbele ya pengo la kiwango, imerudi kuwa gharama kuu, na kwa sababu hutozwa kwa kila muamala ilhali kiasi kinachoruhusiwa kutolewa kwa mara moja ni kidogo, anayehitaji kiasi kikubwa hulazimika kuilipa mara kadhaa.