Nani Atamngoja Mzee Mezani? Juu ya filamu « Avalon » na sikukuu za jamaa zinazohama

Filamu « Avalon » ya Barry Levinson ilitoka katika mwaka 1990, lakini ingali inastahili kutazamwa na kila mtu anayejiuliza desturi zinakuwa namna gani wakati jamaa inahama. Inasimulia habari ya jamaa moja ya Wayahudi, akina Krichinsky, waliotoka Ulaya wakaanza maisha mapya kule Baltimore, Marekani. Mzee Sam alifika tarehe 4 Julai 1914, siku ya sikukuu ya uhuru wa nchi ile, mji wote ukiwaka fataki.

Tukio kubwa la filamu ni la meza. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, ndugu wote wanakusanyika kwa Sikukuu ya Shukrani, wanakula bata mzinga. Ile sikukuu wameikuta hukohuko. Hata bibi Eva haelewi vizuri ni ya nini. Lakini wana sheria yao wenyewe: hakuna kukata nyama kabla ndugu wote hawajafika. Na Gabriel, ndugu ya Sam, anachelewa siku zote. Halafu mtoto wa Sam anahamia mtaa mpya pembeni ya mji. Njia inakuwa ndefu, watoto wanalia njaa, nyama inakatwa. Gabriel anafika, anaona, anakasirika, anatoka. Ukoo unapasuka juu ya bata mmoja!

Msomaji wa huku kwetu hatacheka sana. Anajua vizuri mzee asiyengojwa mezani ameambiwa nini.

Hapo Levinson amefanya kazi nzuri. Tena ameonyesha bila hotuba namna televisheni inavyoingia nyumbani, mpaka jamaa ndogo iliyobaki inakula mbele yake bila kuzungumza.

Lakini kuna jambo moja tunalomdai. Hawa ni Wayahudi, na filamu haituonyeshi usiku wao wa Pasaka. Katika usiku ule mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, na wakubwa wanapaswa kumjibu kwa habari ya kutoka Misri. Kikombe kimoja kinawekwa kwa ajili ya nabii Eliya, na mlango unafunguliwa kwa ajili yake. Sasa mtazame Sam: kila mara anawasimulia wajukuu namna alivyofika Marekani. Kumbe ni habari ya Kutoka, imevalishwa nguo za nchi mpya! Na Gabriel anayengojwa, je, hakutukumbushi Eliya? Tofauti ni kwamba usiku wa Pasaka mtoto ana kazi yake. Kwa Sam mtoto anasikiliza tu, na msikilizaji, televisheni inamchukua bila shida.

Kwa kuficha Pasaka, filamu inatufanya tuamini kwamba kuhama kunamaliza kila kitu. Historia haisemi hivyo. Desturi ziligeuka, ndiyo. Mkate usiotiwa chachu ulianza kutengenezwa kwa mashine: kampuni ya Manischewitz ilianza kazi hiyo Cincinnati katika mwaka 1888. Tangu 1932, kampuni ya kahawa ya Maxwell House inagawa bure kitabu cha sala za usiku wa Pasaka. Hanuka, iliyokuwa sikukuu ndogo, ilijaa zawadi juu ya kuwa jirani na Noeli. Lakini meza ya Pasaka haikuanguka. Uchunguzi wa Pew Research Center ulikuta kwamba Wayahudi 70 kwa mia wa Marekani waliihudhuria mwaka uliotangulia uchunguzi wa 2013. Ule wa 2020 ulikuta 62 kwa mia. Imepungua, lakini wengi wangali wanakaa mezani.

Jambo hili si la mbali. Wasomaji wa Lubumbashi wanajua sinagogi iliyosimama mjini tangu 1930. Wayahudi wengi waliokuja Katanga walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi Moïse Levy, mtu wa Rhodes pia, aliwaongoza tangu 1937 hadi 1991. Pasaka ya kwao ni sikukuu ya majani mapya, baridi ikiisha. Huku iliangukia wakati mvua inaelekea kwisha. Majira yaligeuka, lakini sheria ya mtoto kuuliza haihitaji majira.

Sisi pia tunapenda kulaumu televisheni na simu. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Katika ndoa zetu na matanga yetu, mtoto tumempa kazi gani, zaidi ya kubeba viti na kunyamaza?

Tungependa walimu waonyeshe filamu hii kwa wanafunzi wa mwaka wa sita. Kisha wawatume nyumbani wamuulize mzee mmoja: jamaa yetu ilitoka wapi, ilipita njia gani, na juu ya nini.