Njia za Ronge zina wenyewe

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa akitoka Taita kwenda Uchaga. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza kirongozi wake, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika habari za theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya wakabishana miaka na miaka, na jina lake likabaki vitabuni. Mimi navutiwa zaidi na kirongozi. Rebmann aliona mandhari, na mwenzake akamwambia mlima ule utamfanya nini mtu akiukaribia.

Hizo ni namna mbili za kuieleza njia, na siku hizi moja inaimeza nyingine. Angalia wanavyoandika wapandaji milima wa wikendi kuhusu milima yetu ya Taita. Vuria, Kasigau, Mbololo, Ronge, yote inasifiwa kwa maneno yaleyale: paradiso iliyofichwa, msitu usioguswa, kijia kisichojulikana. Haya, imefichwa kwa nani? Hicho kijia kisichojulikana, watoto wamekipita asubuhi wakienda shule, na mama amekipita na mkungu wa ndizi kichwani kabla gari la kwenda soko la Mwatate halijamwacha.

Mtindo huu una wazee wake, na nawasoma kwa heshima. Alfred Wainwright alikuwa mweka hazina wa mji wa Kendal, kaskazini mwa Uingereza. Kati ya 1955 na 1966 alitoa juzuu saba kuhusu vilima vya Lake District. Alieleza vilele 214, na kila ukurasa aliuandika na kuuchora kwa mkono wake. Ni kazi ya kustaajabisha. Ukuta wa mawe ukibomoka, yeye anakuonyesha ulipobomokea. Lango likiwa upande wa kushoto, halihami kwenda kulia ili picha ipendeze. Lakini ukurasa baada ya ukurasa, binadamu ni haba. Mkulima unamjua kwa ukuta wake tu. Wainwright alipenda kutembea peke yake, na kitabu chake kinamfundisha msomaji kupenda hivyohivyo.

Upweke huo uligharimu. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi, wengi kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout, nyanda za juu zilizofungwa ili matajiri wawinde ndege. Mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani ilikuja mwaka 1949, na Pennine Way, njia ndefu ya miguu inayopita karibu na hapohapo, ikafunguliwa mwaka 1965. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza akinyamaza kuhusu mwenye ardhi, ana sababu. Watu walishagombana, na matokeo yamechorwa kwenye ramani: hapa una haki ya kupita. Hahitaji kubisha hodi.

Sasa chukua ukimya huo uulete Ronge. Hapa njia inapita kati ya jiko la mtu na banda lake la ng'ombe. Hakuna mstari wowote kwenye ramani unaokupa ruhusa. Kinachokufungulia njia ni salamu. Unasimama, unaamkia, unaulizwa unatoka wapi na wewe ni wa nani, na ukishajibu unaonyeshwa njia ya mkato ambayo hakuna simu inayoijua. Mwandishi akiifuta salamu, amefuta njia yenyewe, maana mgeni atakayefuata maelezo yake atakatiza uani kwa watu kama mwizi, kisha atashangaa mbwa wanatoka.

Nasema hivi kwa sababu nimefanya kazi hiyo. Kampuni moja ya utalii iliniagiza maelezo ya njia kadhaa za huku, kwa malipo ya kila njia. Niliandika: hapa mwamkie mzee, ndiye mwenye shamba. Hapa shuka kijitoni, lakini kama kina mama wanateka maji, ngoja wamalize. Hapa rudi, usiendelee. Maelezo yaliporudi kwangu, mzee hayupo, kina mama hawapo. Zimebaki kilomita, muda, na "ugumu wa wastani". Na pale niliposema rudi, wameandika kwamba ni kivutio.

Pale ni fighi. Kwa Wadawida, fighi ni kijisitu cha ibada na kafara, chenye wazee wake na miiko yake. Huingii kwa kuwa umelipa, wala kwa kuwa una viatu vizuri. Miti ya asili imesimama humo kwa sababu watu walikatazwa kuikata, na waliokatazwa walitii, kizazi baada ya kizazi. Ukipaita mahali hapo msitu usioguswa umewaibia waliojizuia kuugusa. Niliomba sentensi ile iondolewe. Iliondolewa, na mimi pia sikuitwa tena.

Hata ukiacha fighi, neno "usioguswa" ni uongo wa wazi. Misitu ya asili iliyobaki Taita ni vipande vilivyozungukwa na mashamba, mikaratusi na misonobari. Ngangao ni kama hektari 120 tu, unaimaliza kwa asubuhi moja. Humo na kule Mbololo anaishi ndege adimu ambaye wataalamu humwita Turdus helleri, asiyepatikana nje ya milima hii. Mbololo kuna pia Saintpaulia teitensis, ua la porini ambalo ndugu zake hupandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Ukiandika kwa usahihi wa Wainwright jiwe ambalo ua hilo limeota chini yake, umemsaidia nani? Kuna ufundi wa kueleza, na kuna ufundi wa kunyamaza. Wainwright aliujua sana ule wa kwanza. Huu wa pili, wazee wa fighi wanatuzidi wote.

Kiswahili nacho kina vitabu vyake vya njia. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Ukitoka kwa Wainwright ukaingia kwa Selemani unahisi umebadilisha hewa. Huku swali ni maji yako wapi, chakula kitapatikana kwa nani, mwenye nchi anadai hongo gani. Kila nchi ina mwenyewe na kila mwenyewe ana masharti. Mandhari si kazi yake. Ni kirongozi wa Rebmann huyohuyo, safari hii ameshika kalamu.

Lakini tusijisifu haraka. Msafara ulibebwa na wapagazi, na katika masimulizi haya, kama katika yale ya Tippu Tip, wapagazi ni hesabu zaidi kuliko watu. Mzigo una bei, aliyeubeba hana jina. Kwa hiyo tusinakili vitabu hivyo vizima vizima. Tuchukue swali lao, nchi hii ni ya nani, tuliongezee lile waliloliruka: nani amebeba?

Ukisimama kwenye miteremko ya Ronge unaona nyika ya Tsavo imetandazwa chini mpaka macho yachoke. Waandishi wa wikendi wote hupiga picha hapo. Tangu 1948 sehemu kubwa ya nyika hiyo ni hifadhi, na mtu wa Ronge hawezi kushuka akatembea humo kama anavyotembea kwenda kwa shangazi yake. Benny Rothman angeielewa picha hiyo upesi. Mwandishi anayeiita mandhari ya kuvutia bila kusema neno la pili amesema nusu ya anachokiona.

Mwongozo wa Ronge ambao ningeununua kwa pesa yangu ungekuwa na usahihi wa Wainwright kwenye kona na malango. Ungeniambia maji yako wapi na nimwamkie nani. Ungetaja mama mwenye mkungu wa ndizi kabla ya kutaja ukungu. Na mahali fulani njia ingefika kichakani ikakatika, pasiwe na maelezo, pasiwe na picha, iwe ni neno moja tu: rudi.