Fedha, Ujamaa na Njia ya Misafara
Mwaka 1875 Karl Marx alieleza kuwa katika ujamaa mchanga mfanyakazi atapewa hati ya kazi yake, akatwae kwayo riziki. Wako waliodhani kwamba fedha ikifutwa hivyo, unyonyaji utakwisha. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yatutia shaka. Katika njia ya misafara, tangu pwani hata Tabora na Ujiji, hongo na posho zililipwa kwa nguo na shanga. Sarafu ilikuwa haba, na bado watu waliuzwa. Mwandishi ahesabu pembe kwa frasila, lakini wapagazi wengi hawatajwi majina. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilishika njia nyingine: fedha iliachwa, mabenki yakawa ya umma. Sababu yaonekana kitabuni: msiba wa mpagazi haukuwa sarafu, bali kukosa sauti juu ya pembe aliyoichukua begani.