Heko, watu wa klabu

Karibu na Narellan, nje ya Sydney, Australia, leo utakuta mtaa mpya wa nyumba na barabara iitwayo Peter Brock Drive, jina la dereva wa mbio za magari. Hapo palikuwa na uwanja wa mbio wa Oran Park. Ulianzishwa na klabu ya wenye magari ya Singer, na mbio zikaanza 1962. Baadaye njia ilirefushwa, ikapita juu ya daraja na kujikata kama tarakimu 8. Australian Grand Prix ikaja 1974 na 1977.

Lakini pongezi zangu ni za siku ya klabu, pale wanachama wa kawaida wanaposhindana kwa magari yao wenyewe. Gari la kwendea kazini linazibwa taa kwa utepe, namba inabandikwa mlangoni. Saa nne gasketi imeungua. Mwenyewe yuko uvunguni, mgongo kwenye lami, na anayemshikia tochi ndiye mpinzani wake! Mmoja anaondoka na kikombe, mwingine anavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Wapeperusha bendera nao wameshinda juani bila malipo.

Oran Park ulifungwa 2010. Mbio za klabu bado zipo kwenye uwanja wa Eastern Creek. Ukifika Sydney, nenda, na uwachukulie chai wale wa bendera.